Jaketi la skii la mtumba nililochukua Mwanga: ndio nguo ya mvua ya Kigoma

Wadau mnaopiga boda kwenda Manyovu na Kasulu msimu huu wa mvua, na nyie mnaopanda milima na washkaji wikiendi, naomba mnisikilize kuhusu hili jaketi. Ni la skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na vibao virefu miguuni (vibao vyenyewe navyo vinaitwa skii), ni mtumba, nimelitoa soko la Mwanga kwa elfu 35, muuzaji alianzia elfu 60 tukavutana pale mpaka akalegea. Kwa matumizi ya huku kwetu sijawahi kuvaa nguo ya mvua inayolikaribia, nasema kwa moyo wangu wote.

Cha kwanza kujua, majaketi ya skii yapo ya aina mbili na belo likifunguliwa yanamwagwa pamoja chini, ukichukua aina isiyo yako hela imeenda. Aina ya kwanza ni yale mazito yenye pamba ndani, yaliyojaa. Hayo ni ya watu wanaokaa kwenye kiti kinachovutwa na waya mpaka kileleni, wanateleza kushuka, wanarudi kukaa tena, sasa mtu amekaa tu kwenye baridi lazima avae kitu kizito. Huku utachemka ndani yake hata mvua ikiwa inanyesha, yaache.

Aina ya pili ndio yetu. Kuna watu huko Ulaya na Marekani hawataki ile milima yenye mitambo, wanajikusanya marafiki wanne watano wanaenda milima ambayo haina kitu, wanatafuta theluji mpya ambayo haijakanyagwa na mtu, ile nyepesi kavu kama unga wa muhogo. Kupanda wanapanda kwa miguu yao wenyewe skii zikiwa miguuni, chini ya skii wanabandika utepe wenye manyoya yaliyolala upande mmoja, ukisukuma mbele unateleza, mlima ukikuvuta nyuma unang'ang'ania (zamani ilikuwa ngozi ya sili kabisa, yule mnyama wa baharini, siku hizi ni mohea, yaani manyoya ya mbuzi, au nailoni). Wanapanda masaa, wakifika juu wanabandua ule utepe, wanafunga kisigino kwenye skii, wanashuka. Sasa mtu kama huyo akipanda anatoka jasho jingi sana, na akifika kileleni upepo unampiga, lile jasho likiwa limebaki mwilini anaweza kuganda. Ndio maana jaketi lake halina pamba, ni gamba tupu, jembamba, gumu kwa nje, na lina zipu ndefu kwapani za kutolea joto.

Hebu fikiria sasa mtu anayepanda Gombe kwenye mvua. Mmeshuka kwenye boti iliyotoka Kibirizi, ziwa liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia ufukweni mlima unasimama hapo hapo, hakuna tambarare ya kupumzikia miguu, askari wa hifadhi yuko mbele na sokwe wamehamia bonde la juu. Tulipanda hivyo na washkaji, mvua haikukata, wawili walivaa yale makoti ya plastiki ya dukani. Mvua haikuwaingia kweli, lakini tulipofika juu walikuwa wamelowa chepechepe kwa jasho lao wenyewe, upepo wa ziwa ulipokuja wakaanza kutetemeka. Mimi nilipanda zipu za kwapani zikiwa wazi, juu nikazifunga, nikawa mkavu. Tatizo la yule wa theluji na la kwetu ni lile lile, jasho wakati wa kupanda na upepo ukishafika juu.

Siri iko kwenye kitambaa, katikati kuna tabaka lenye vitundu vidogo mno, mvuke wa jasho unapita ila tone la maji halipiti. La kwanza kujulikana ni Gore-Tex, lilitokana na Mmarekani Bob Gore mwaka 1969 alipoichukua teflon (ile ya kwenye vikaango visivyonata) iliyopashwa moto akaivuta kwa nguvu ghafla, ikarefuka bila kukatika, ikajaa vile vitundu. Siku hizi kampuni nyingi zina tabaka lao. Langu sio Gore-Tex, kwa ndani limeandikwa 20,000, maana yake kitambaa kinavumilia mgandamizo wa nguzo ya maji ya mita 20 kabla hakijaanza kupenyeza. Ukiona 10,000 chukua, chini ya hapo sikushauri kwa mvua ya Kigoma.

Sasa kuna ile sketi ya ndani. Ukifungua jaketi utaona kitambaa chenye lastiki kinazunguka kiunoni na vifungo vya kubana, watu pale sokoni wanadhani ni mkanda wa kufichia hela na wengine wanaukata kabisa. Jamani msikate! Imewekwa ili mtu akianguka kwenye theluji laini isimpande mgongoni. Kwenye boda inafanya kazi ya ajabu, upepo unaoingia kwa chini na kukupulizia tumbo lote njia nzima ya Manyovu unaishia hapo. Kwenye boti pia, maji ya mawimbi yanakurukia lakini kiuno kinabaki kikavu. Na kofia yake imekatwa kubwa ili ipite juu ya helmeti, ina kamba ya kukaza nyuma, kwa hiyo inakaa juu ya helmeti ya boda vizuri ukiikaza. Mifuko iko juu kifuani kwa sababu kiunoni wao wanafunga mkanda wa begi, nawe ukibeba begi la safari utaona faida yake, simu unaitoa bila kufungua kitu.

Halafu kuna kile kibati chembamba kimeandikwa RECCO, langu kiko kwenye mkono. Muuzaji aliniambia kaka hiyo ni chipu ya kukufuatilia, nikutolee? Nikamwambia hapana bosi, iache. Haina betri wala haimfuatilii mtu. Ni teknolojia ya Sweden, ilianza kufikiriwa baada ya maporomoko ya theluji ya Åre mwaka 1973. Mtu akifukiwa, waokoaji wanakuja na mashine inayorusha mawimbi ya redio, kile kibati kinayarudisha, wanajua wachimbe wapi. Wale marafiki wanaopanda kwa miguu kila mmoja anabeba kifaa chake kinachotuma mawimbi ya kilohezi 457, koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji, kwa sababu mteremko unaopendeza kuteleza, wa nyuzi 30 mpaka 45, ndio huo huo unaoporomoka, na aliyefukiwa anategemea wenzake wamtoe ndani ya dakika kama 15 za mwanzo. Kwa hiyo kibati hakikusaidii kitu Kigoma, ila kinakuonyesha jaketi lilitengenezwa kwa watu walio siriasi na milima.

Mabaya yake. Linapiga kelele, kila ukitembea kwacha kwacha, kwa sokwe inabidi utulie kabisa ukifika karibu. Mikono ni mirefu, inabidi ubane na velkro. Na mabegani kitambaa cha nje kilikuwa kimechoka, maji hayaviringiki na kudondoka bali kitambaa kinalowa, ndani hayaingii ila unahisi ubaridi na jasho linagoma kutoka. Hii inatibika, lifue kwa sabuni ya maji, usitumie jiki wala ile ya kulainisha nguo, suuza mpaka povu liishe, anika kivulini, kisha kama lebo inaruhusu piga pasi ya umeme moto mdogo kabisa na kitambaa kati. Pasi ya mkaa usijaribu. Langu baada ya hapo matone yalianza kuviringika tena.

Kabla hujalipa ligeuze ndani nje, hapa ndipo wengi wanapigwa. Angalia utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, ukiona unabanduka maji yatapita kwenye matundu ya sindano. Pitisha kiganja, kama ndani kunanata au kunatoa vipande vyeupe kama ngozi inayobabuka, rudisha hata ukipewa kwa elfu 5, tabaka limekufa na halina dawa. Zipu mbovu isikutishe, fundi anabadilisha, ila mwambie asipige sindano kwingine kokote nje ya mshono wa zamani. Tafuta lenye rangi kali, langu ni la chungwa, wao wanazipenda ili waonane kwenye weupe na wewe dereva wa lori atakuona kwenye ukungu wa Buhigwe.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu imeenda na zile kelele. Likiwa zima na lina zipu za kwapani, usizidishe elfu 40.