TPE, mobile money au linki: malipo gani yanafaa hoteli na restaurani za Lubumbashi

Wenye hoteli wengi wa Lubumbashi wakienda benki kutafuta TPE, yaani mashini ya kulipisha kwa kadi, swali lao la kwanza ni kamisheni: asilimia ngapi? Ni haki kuuliza, lakini jibu lake haliamui mengi. Tuseme benki moja inakata asilimia 2.5 na nyingine 3. Kwa fakture ya dola 120, tofauti ni senti 60. Mteja mmoja aliyekatwa mara mbili, au mgeni mmoja aliyeondoka bila kulipa usiku wa tatu, anakuharibia zaidi ya hapo. Mfumo mzuri unajulikana usiku, saa ya kufunga kese: pesa zilizoingia zilingane na fakture zilizotoka, na zisipolingana ujue ni wapi pamekosekana. Kwa kipimo hicho, njia tatu zinazotumika mjini hazilingani hata kidogo.

TPE ya benki

Rawbank, Equity BCDC na TMB, hii ya mwisho ikiwa imezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 2004, zote hutoa TPE kwa wafanyabiashara. Andaa RCCM (namba ya rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa) na namba ya mlipa kodi, pamoja na akaunti ya biashara, si akaunti yako mwenyewe.

Kwa hoteli yenye vyumba, usisaini mkataba wowote kabla ya kuhakikisha kwamba mashini ina preotorizasioni, yaani uwezo wa kuzuia pesa kwenye kadi bila kuzichukua. Mgeni anafika kwa usiku tatu, chumba ni dola 80. Unazuia 300: yaani 240 za chumba na 60 za chakula na vinywaji. Siku ya kuondoka fakture inafika 268. Unafungua ile ile preotorizasioni kwa namba yake na kuchukua 268; 32 zilizobaki zinaachiliwa. Kosa linalorudiwa sana mapokezi ni kuiacha ile ya kwanza na kufanya malipo mapya ya 268. Hapo mgeni anaona 568 zimetoka katika nguvu ya kadi yake, na kama ni kadi ya debit, zile 300 zinaweza kukaa zimefungwa siku kadhaa. Atapiga simu, atakasirika, na ana haki.

Tofauti nyingine ambayo kila mtu wa kese lazima aijue ni ya kufuta na kurudisha. Kufuta hufanyika siku ile ile, kabla ya telekolekte (nitaieleza sasa hivi), na mara nyingi malipo hayapiti kabisa. Baada ya telekolekte hakuna kufuta tena; kuna kurudisha, nako huchukua siku. Telekolekte yenyewe ni kule mashini kutuma malipo yote ya siku kwenda benki. Mashini nyingine hufanya peke yake usiku, nyingine husubiri mtu abonyeze. Isipofanyika, malipo yamebaki ndani ya mashini na akaunti yako haijapata kitu. Ikiungua kabla ya hapo, ushahidi wako ni zile karatasi tu. Kwa hiyo iwe amri: telekolekte kila usiku, na tiketi yake ibanwe pamoja na ripoti ya kese.

Karatasi nazo zina mambo yake. Rulo ni ya upana wa milimita 57 na haina wino. Joto ndilo linaloandika. Ukiiweka upande usiofaa inatoka nyeupe, na watu husema mashini imekufa. Kwaruza karatasi kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaoelekea kichwa cha kuandikia. Tena maandishi hayo hufifia kwa joto na jua, kwa hiyo piga picha ya kila tiketi ya preotorizasioni na ya kila malipo makubwa. Mgeni akipinga malipo kwenye benki yake miezi miwili baadaye, utaombwa tiketi, na karatasi nyeupe haimsaidii mtu.

Sasa umeme na mtandao. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, TPE inaendelea kwa betri yake, lakini ruta ya Wi-Fi inazimika papo hapo, na malipo yaliyokuwa njiani yanakwama. Chagua mashini inayotumia SIM, na kama inakubali SIM mbili, ziwe za kampuni mbili tofauti. Ruta iwekee betri ndogo ya akiba, na chaja ya mashini ipitie stabilizeta, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaounguza vifaa.

Malipo yakikwama katikati, usiingize kadi mara ya pili. Toa kwanza duplikata (nakala ya tiketi) ya malipo ya mwisho, au soma jurnali, yaani orodha ya malipo iliyo ndani ya mashini. Kama malipo yamo, yamepita hata kama tiketi haikutoka. Kama hayamo, ndipo urudie. Mteja anayeonyesha SMS ya benki yake asipuuzwe, lakini jurnali ndiyo inayoamua. Wateja wengi wanaokatwa mara mbili hukatwa kwa sababu hiyo moja: haraka ya kurudia.

Kwa mji wa migodi kama huu, uliza pia kama mashini inapokea UnionPay pamoja na Visa na Mastercard. Wageni Wachina ni wengi, na kadi zao za UnionPay hutumia namba ya siri ya tarakimu 6. Mhudumu asimwambie mgeni kwamba namba ni nne.

Mobile money

Kwa restaurani ya komine ya Kamalondo au ya Kenya, hapa mjini, inayouza bukari (ugali) na samaki kwa faranga, hii ndiyo njia ya kwanza, na TPE inaweza kungoja. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ziko katika simu ya karibu kila mteja. Lakini chukua kodi (code) ya mfanyabiashara, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara. Namba ya kawaida ya patroni au ya mhudumu ni hatari: ina kikomo cha kiasi, inachanganya pesa za nyumbani na za biashara, na mhudumu akiacha kazi anaondoka na SIM. Kwenye kodi hiyo, mteja huona jina la nyumba yako kabla ya kuweka namba ya siri.

Simu ya kupokea ikae kwenye kese. Usikubali SMS inayoonyeshwa kwenye simu ya mteja, maana ujumbe wa uongo huandikwa kwa dakika moja. Subiri uthibitisho ufike kwako, na mashaka yakiwepo angalia salio: *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money. Kisha soma sarafu. Kila akaunti ina mifuko miwili, dola na faranga, na mtu wa kese mwenye haraka husoma tarakimu asisome CDF (alama ya faranga) iliyo kando yake. Andika faranga na dola katika safu mbili za daftari, usizijumlishe kamwe.

Linki ya kulipa kwa intaneti

Inafaa kwa kushika chumba mapema, hasa kampuni inayotuma mafundi kutoka Kolwezi au mgeni anayeingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kubali tu linki inayomtaka mwenye kadi athibitishe kwa namba ya uthibitisho ya benki yake. Bila hiyo, malipo yakipingwa hasara ni yako. Kumwomba mgeni picha ya kadi yake kwa WhatsApp kukomeshwe kabisa. Zile tarakimu 3 za nyuma haziruhusiwi kuhifadhiwa popote, hata kwenye daftari la mapokezi.

Kabla ya kusaini

Chumba kina bei ya dola, mteja analipa faranga: kiwango ni cha nani? Uliza benki inabadilisha kwa kiwango gani, pesa zinaingia akaunti ya sarafu gani, na baada ya siku ngapi. Kiwango chako kibandike keseni na kibadilishwe asubuhi, si katikati ya huduma. TVA ya asilimia 16 ionekane kwenye fakture, na kiasi kwenye tiketi ya TPE kiwe kile kile cha fakture, pamoja na TVA. DGI, ofisi ya kodi ya serikali, ikikagua, tofauti hizo ndizo inazoulizia.

Uliza mwisho mashini ikiharibika Jumamosi usiku nani anakuja, na kama mbadala uko Lubumbashi au unangojewa kwa ndege kutoka Kinshasa. Jibu hilo liandikwe katika mkataba, kwa saa. Benki isiyotaka kuliandika, hata ikiwa na kamisheni ndogo kuliko zote, iachwe.