Uzoefu wangu: chakula kikavu cha mbwa hapa Moshi

Mwenye haraka achukue jibu kabisa: mbwa wangu sasa anakula chakula kikavu cha Afrika Kusini, mfuko wa kilo 20, bei ya kati, na sina mpango wa kubadili. Kabla ya hapo tumepitia cha kupimiwa kwa kilo, tukapitia cha Kenya kinachoingia kwa Namanga, na kile cha Ulaya ambacho ukimtajia mama mkwe bei yake anaanza kukuombea. Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana mfuko ninaonunua mimi huenda dukani kwenu haupo, ila namna ya kuchagua ni ileile.

Jaki ni chotara. Masikio ya jemani shepadi, akili ya mbwa wa kienyeji. Ana kilo 28 na kazi yake ni kulinda uani kwangu, Rau. Alikuwa anakula wanachokula mbwa wengi wa mtaani kwetu: ugali wa dona, dagaa wa Mbuyuni, na siku ya neema mapupu au vichwa vya kuku. Sina ugomvi na chakula hicho. Dagaa analiwa mzima na mifupa yake, mbwa anapata protini na madini humohumo. Tabu ni mpishi. Mimi nikisafiri, kijana wa nyumbani anakoroga pumba na maji ya dagaa, anaweka chumvi kama anapika chake, basi. Nikataka kitu ambacho mtu yeyote atachota kikombe, atamimina, ataondoka.

Nilianzia pale watu wengi wanapoanzia, duka la pembejeo, gunia wazi mlangoni limejaa punje nyekundu, kijani na njano.

"Mangi, hiki cha kampuni gani?"

"Hiki kizuri, mama. Mbwa wote wa huku wanakula hikihiki."

"Mfuko wake uko wapi nisome?"

"Mfuko tulishautupa. Wewe chukua kilo mbili, ukirudi utaniambia."

Shilingi 4,500 kwa kilo. Jaki alikipenda, hilo nisimdhulumu muuzaji. Lakini mbwa kupenda chakula si kipimo, mbwa huyohuyo anapenda pempasi za mtoto wa jirani. Hizo rangi nazo zimewekwa kwa ajili yako mnunuzi, kwa kuwa mbwa haoni tofauti ya nyekundu na kijani kama tunavyoiona sisi. Kilichonishtua ni upande wa pili wa mbwa. Kinyesi kilikuwa kingi, laini, cha rangi ya uji wa ulezi, na kina harufu ya kukufukuza uani. Chakula kinaingia na kutoka, katikati mwili unachukua kidogo. Ili mbavu zisianze kuhesabika, ilibidi nimpe karibu gramu 550 kwa siku. Ikumbukeni hiyo namba, nitairudia kwenye hesabu ya pesa.

Ila hata kingekuwa bure, cha gunia wazi nisingekirudia, na sababu ni sumukuvu. Vyakula vingi vya bei ya chini msingi wake ni mahindi, na mahindi yakipata unyevu, kuvu wanaota na kuacha sumu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mbwa ini lake haliivumilii kabisa: anakataa kula, anatapika, ufizi na macho vinageuka njano, na mara nyingi ukishaona hayo umechelewa. Mtu ataniambia hata mifuko iliyofungwa ina hatari hiyo. Ni kweli. Mwishoni mwa 2020 kule Marekani kampuni moja ililazimika kurudisha chakula chake baada ya mbwa kadhaa kufa. Lakini kilirudishwa kwa sababu mfuko una namba ya toleo na tarehe, mwenye mbwa akasoma akajua ni wake. Gunia wazi la mlangoni, lililopita masika pale chini sakafuni, utalirudisha kwa namba gani? Na panya je, wanaotembea humo usiku na kukojoa? Homa ya mgunda inaambukizwa kwa mkojo wa panya, na inampata mbwa na mwenye mbwa.

Basi nikahamia kwenye mifuko iliyofungwa, na hapo ndipo kuna la kujifunza.

Mbele ya mfuko hakuna habari. Kuna picha ya mbwa anayekimbia na paja la kuku ambalo ndani halimo. Geuza nyuma. Mfuko wa Afrika Kusini una namba ya usajili inayoanza na V, na pembeni imeandikwa Act 36 ya 1947, ambayo ni sheria yao ya vyakula vya mifugo. Maana yake ni kwamba bidhaa imesajiliwa serikalini kwao, kuna mtu wa kuulizwa. Mimi hicho ndicho kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho. Kisha viwango. Wao wanaandika gramu kwa kilo, kwa hiyo ukiona protini 220 usidhani ni muujiza, ni asilimia 22. Mfuko wa Kenya nilionunua uliandika kwa asilimia moja kwa moja: protini 18, unyevu 12. Muuzaji aliniambia "tofauti ni nne tu, dada, usijisumbue." Toa maji kwanza. Wa Kenya, 18 gawanya kwa 88, unapata kama asilimia 20.5 ya chakula chenyewe. Wa Afrika Kusini ulikuwa na unyevu 100 kwa kilo, yaani asilimia 10, kwa hiyo 22 gawanya kwa 90, asilimia 24 na kitu. Kiwango cha chini ambacho Wamarekani wamekiweka kwa mbwa mzima ni 18 baada ya kutoa maji, na kwa mtoto 22.5. Kwa hiyo vyote viwili vinafaa kwa mbwa mzima, hakuna cha kutupa, lakini kimoja kimepita mstari kwa shida kidogo na kingine kimepita kwa raha.

Cha Kenya Jaki alikula vizuri tu. Kinyesi kilikaza, kelele za tumbo zikaisha. Nilichokosa ni manyoya, yalibaki makavu kama ufagio, na mafuta kwenye mfuko yalikuwa kidogo. Kwa mbwa anayelala tu barazani ningekiacha kiendelee.

Orodha ya viungo nayo isomeke kwa akili. Vinapangwa kwa uzito, kizito kwanza, lakini uzito huo ni wa kabla ya kukaushwa. Nyama mbichi ina maji mengi, inaweza kuongoza orodha halafu ikikauka ikabaki kidogo kuliko mahindi yanayoifuata. Unga wa nyama au wa kuku umeshakaushwa, kwa hiyo ukiuona mwanzoni mwanzoni usikunje uso. Ninachokikunjia uso mimi ni orodha inayosema "nafaka na mazao yake" bila kutaja nafaka gani.

Hapa shemeji yangu aliyeko Ujerumani aliingilia kati kwa simu. Mbwa asile mahindi hata kidogo, mbwa ni mbwamwitu, tafuta kisicho na nafaka. Nilimheshimu, lakini sikumfuata. Utafiti wa vinasaba uliotoka 2013 ulionyesha mbwa ana nakala nyingi kuliko mbwamwitu za kinasaba kinachomsaidia kusaga wanga, yaani maelfu ya miaka ya kula makombo yetu yamemwachia tumbo la kula ugali uliopikwa. Isitoshe, vile visivyo na nafaka hujazwa njegere na dengu badala yake, na mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchunguza kama baadhi yake vinahusiana na ugonjwa wa moyo kutanuka. Mahindi yaliyokauka vizuri sina neno nayo.

Cha Ulaya nilinunua Arusha, kwa kuwa nilikuwa huko kwa shughuli nyingine. Nisiwe mnafiki, ni kizuri. Manyoya yaling'aa mpaka watu wakauliza nampaka nini. Kinyesi kidogo, kikavu, unaokota kwa karatasi. Gramu 330 kwa siku zilimtosha. Sasa pesa: mfuko wa kilo 15 kwa 270,000 ni shilingi 18,000 kwa kilo, kwa hiyo Jaki alikuwa anakula karibu 6,000 kila siku. Kuna watu nyumbani hapa hawali za 6,000.

Cha Afrika Kusini nilinunua kwa 130,000, kilo 20, yaani 6,500 kwa kilo. Jedwali la nyuma lilisema gramu 400 kwa mbwa wa uzito wake, nikaanzia hapo, akaanza kunenepa, nikashusha hadi 380. Siku moja inagharimu kama 2,470. Rudini kwenye kile cha gunia: gramu 550 kwa 4,500 kwa kilo ni 2,475. Sawasawa! Cha bei rahisi kilikuwa kinanilia pesa ileile, na nilikuwa naizoa uani kila asubuhi kwa koleo.

Kipimo cha gramu nilipewa namna ya kukihakiki na daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja kichaa cha mbwa. Hakuangalia tumbo. Alipitisha viganja ubavuni, taratibu, akaniita: "Mama, weka mkono hapa. Mbavu unazisikia bila kukandamiza, lakini kwa macho huzioni. Hapo usiongeze, usipunguze." Sasa nafanya mwenyewe kila nikimtoa kupe.

Kubadilisha chakula msifanye kwa siku moja. Robo mpya na robo tatu ya zamani, siku chache nusu kwa nusu, hivyo hivyo mpaka wiki iishe, la sivyo ataharisha na lawama utaibebesha chakula kipya bure. Maji yawepo muda wote, kwa sababu punje hizi zina maji kidogo sana ukilinganisha na ugali. Wenye watoto wa mbwa wakubwa, jemani shepadi, boeboel na wenzao, nunueni cha watoto wa aina kubwa hasa, angalieni kalisi isizidi asilimia 1.8. Msiongeze unga wa mifupa wala maziwa juu yake, mifupa inakua vibaya.

Kasoro za huu mfuko wangu zipo. Hauna zipu, kwa hiyo nauweka mzima ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko na kuukunja mdomo. Simimini punje kwenye pipa tupu, mafuta yanaganda pembeni na kuchacha, na namba ya toleo inapotea. Kilo 20 kwa mbwa mmoja ni karibu wiki saba na nusu, na kufikia mwisho harufu huwa imeshapungua, Jaki anakula kwa kususa. Ningependa walete wa kilo 8 huku kwetu. Wa kilo 8 nimeuona Arusha tu, na ukipiga hesabu kwa kilo unalipa zaidi, kwa hiyo nimepatana na jirani mwenye mbwa wawili: tunanunua mmoja, tunagawana siku ileile unapofunguliwa, yeye anapiga picha upande wa nyuma wenye tarehe na namba. Dukani mzigo hukatika mara kwa mara, hasa mwisho wa mwaka, kwa hiyo pipa likifika robo nampigia muuzaji aniwekee.