Nilimpeleka mama Unguja kutoka Dodoma: muulize wakala habari ya maji kwanza

Nyota tatu kwa wakala, tano kwa kisiwa. Naziweka juu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma mpaka chini.

Kifurushi nilikinunua kwenye ofisi moja hapa mjini Dodoma, mwezi wa saba mwaka jana. Siku tatu, kulala mara mbili, "vivutio vya asili vya Unguja", mimi na mama mzazi. Mama ni mkulima wa Kongwa, ana miaka 64, na bahari alikuwa akiiona kwenye televisheni tu. Ndani yake kulikuwa na treni ya SGR kwenda na kurudi, boti, hoteli ya Mji Mkongwe na gari la kutuzungusha. Viingilio na chakula cha mchana, juu yako.

Treni sina neno nayo. Tuliozoea kukunja magoti kwenye basi la Dar kutwa nzima tunajua kilichobadilika. Boti ndiyo iliyonikomesha. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, bahari imechafuka, na mimi niliyekuja kumtunza mama nikamaliza safari nimekumbatia mfuko wa plastiki. Mama alikaa dirishani akitafuna karanga zake za nyumbani. Ukipanda miezi hiyo, meza dawa ya kichefuchefu mapema, usisubiri mpaka tumbo lianze kuuliza maswali.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe. Ratiba ya siku ya pili iliandikwa hivi: "Saa nne asubuhi, kuogelea Paje." Tumefika saa nne kamili, mama na kanga yake mpya ya kuingilia majini, bahari haipo. Mchanga mweupe umeenda mbali, madimbwi hapa na pale, ngalawa zimelala ubavu, na maji yenyewe ni mstari mweupe kule kwenye mwamba. Mama akanitazama. "Ndiyo hii uliyonilipia?"

Dereva, kijana wa Makunduchi, akacheka kwa adabu. "Bi mkubwa, jana usiku hamkuuona mwezi? Hili bamvua." Akatueleza: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake Unguja inafika kama mita 4. Siku kama hizo hupwa saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa saa kumi jioni, kisha kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Pwani ya mashariki ni tambarare, kwa hiyo maji yakitoka yametoka kweli. Wanaotaka kuogelea saa yoyote hupelekwa Nungwi au Kendwa huko kaskazini, ambako kina kiko karibu na ufukwe. Mambo hayo yote mtoto wa pwani anayajua kabla ya kuanza shule. Aliyetuuzia safari alitazama saa ya ukutani.

Nilimpigia simu palepale. Akaniuliza, "Kaka, sasa maji na ratiba vinahusiana nini?" Nyota mbili zilidondokea hapo.

Ila mama alishavua viatu. Kule mbali palikuwa na wanawake wameinama kwenye mistari ya vigingi, akaenda moja kwa moja kama aliyeona shamba la jirani. Na ni shamba kweli, la mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianzia huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kamba inavutwa kati ya vigingi viwili, vipande vya mwani vinafungwa kwenye kamba, na baada ya kama wiki sita unavuna na kuanika. Mama mmoja mwenye umri wa mama yangu, maji kwenye vifundo vya miguu, alimkaribisha: "Karibu dada yangu, shika kamba." Mama kwa mazoea akajibu "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, wakacheka wote wawili. Alifunga mafundo kwa saa nzima. Mwenyeji akamwambia aina inayolipa vizuri, wanayoiita kotonii, siku hizi inawafia maji yakipata joto, wanabaki na ile ya bei ya chini. "Kama mtama wetu na mvua," mama akasema. Mwani huo unakwenda nje na utomvu wake unaingia mpaka kwenye dawa ya meno. Nimepiga picha nyingi safari hiyo, lakini ya mama akiwa na kamba mkononi ndiyo niliyoitundika sebuleni.

Jozani tulifika alasiri. Ni hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, tangu 2004, kama kilomita 35 kutoka mjini. Mtanzania analipa kwa shilingi na kiingilio chake ni nafuu sana kuliko cha mgeni wa nje, nenda na kitambulisho chako. Mwongoza wageni alikuwa mzuri kuliko safari nzima. Kima punju, mwekundu mgongoni, nywele nyeupe zimemsimama kichwani kama mzee aliyeamshwa ghafla, asili yake ni Unguja tu. Hana kidole gumba, anashika tawi kwa vidole vinne. Na anakula makaa! Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo, makaa yanazinyonya, kwa hiyo huyadokoa kwenye matanuri na majiko ya watu. Mama hakushangaa hata kidogo. Alisema aliyemfundisha kima ndiye aliyemfundisha bibi yake.

Kutoka hapo ukivuka barabara kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Saa kumi, maji yamejaa, mizizi imezama, kaa wadogo wamepanda kwenye mashina kujiokoa. Kimya, isipokuwa mbao zikilia chini ya miguu. Kwa sisi tunaoishi na vumbi, mti kusimama ndani ya maji ya chumvi na bado ukawa wa kijani ni jambo la kusimama na kulitazama. Bamvua ileile iliyotunyima Paje ndiyo iliyotupa hili, na wakala asijisifu, hakulipanga.

Changuu, kisiwa kidogo karibu na Mji Mkongwe, siku ya tatu ni ya haraka: kobe wakubwa, uzao wa wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, wamepakwa umri wao kwa rangi mgongoni. Mama aliona kobe aliyeandikwa umri mkubwa kuliko wake, akamwamkia shikamoo. Pomboo wa Kizimkazi tuliwaacha kwa hiari yetu. Dereva alisema boti huwazingira na kuwakimbiza mpaka wanazama, nami sikutaka kulipia hilo.

Mwaka huu nataka Pemba, msitu wa Ngezi na wale popo wakubwa. Wakala ameshanitumia ratiba mpya kwa WhatsApp. Nimemuuliza bamvua ni lini. Alama mbili za buluu, jibu bado.