Uzoefu wangu: kadi ya PCI ya poti nne za siriali kwenye Pentium 4 ya zamani

Pentium 4 yangu inaendesha Debian (aina ya Linux) na ina kazi moja: kushika konsoli (milango ya kusimamia kifaa kwa waya) za ruta na swichi, ili kifaa kikipotea kwenye mtandao bado niweze kukiingia kwa waya. Mazabodi ina poti mbili za siriali (zinazopitisha data biti moja moja), hazitoshi. Nikanunua kadi ya PCI (ya kuchomeka kwenye mazabodi) ya poti nne, iliyotumika, na nimeridhika nayo kabisa.

Kabla ya hapo nilitumia vikebo vya kugeuza USB kuwa siriali. Kikiwa kimoja hakina shida. Vikiwa vinne, ukiwasha mashine upya, ttyUSB0 ya jana (jina ambalo Linux inakipa kikebo) leo ni ttyUSB2, na amri inakwenda kwenye swichi isiyo yenyewe. Udev, sehemu ya Linux inayosimamia majina ya vifaa, inaweza kuvipa majina ya kudumu, lakini vingi vya bei rahisi havina namba ya kuvitofautisha.

Kuifunga kadi ni suala la bisibisi tu. Kazi iko kwenye Linux. Nilipowasha, zilionekana poti mbili kati ya nne, na ni rahisi kudhani kadi ni mbovu. Kumbe kerneli (kiini cha Linux) ya Debian huandaa nafasi nne tu za poti za aina hii, na mbili zimeshachukuliwa na mazabodi. Fungua /etc/default/grub (faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux), ongeza 8250.nr_uarts=8 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX, endesha update-grub, kisha washa upya. Kwangu dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ilizitaja zote, ttyS4 hadi ttyS7, na mbele ya kila moja 16550A.

Hiyo 16550A ndiyo ya kuulizia kabla hujatoa hela. Chipu hii ina foleni ya baiti 16, hivyo prosesa ikichelewa kidogo herufi hazipotei. 16450 iliyoitangulia hushika baiti moja, na kwa kasi ya 115200 baiti mpya hufika kila mikrosekunde 87 hivi. Raha nyingine ni kwamba poti zote nne zinatumia IRQ moja (njia ya kumwita prosesa) bila ugomvi. Waliopitia kadi za ISA, zilizotangulia PCI, wanakumbuka poti za COM1 na COM3 zikigombea IRQ 4.

Kila poti niliipima hivi: unaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, unafungua minicom (programu ya kuongea na poti ya siriali), unazima udhibiti wa mtiririko wa hadwea, halafu unaandika. Herufi zinarudi kwenye skrini. Chomoa waya, zinakoma. Poti nzima hiyo.

Kilichonikera ni kebo. Nyuma ya kadi hakuna nafasi ya viunganishi vinne, kwa hiyo inatoka kebo nene inayogawanyika mikia minne, na mikia yangu haikuwa na namba. Nimeibandikia utepe. Ukinunua iliyotumika, usikubali kadi bila kebo yake, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana kati ya watengenezaji hata kama kiunganishi kinaingia vizuri.