Kozi ya jioni ya Kinorwei, Oslo: kauli ya kutendwa wameifundisha barabara

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Oslo. Kozi hii ya jioni, kiwango cha B1 hadi B2 (cha kati kwenye ngazi za lugha za Ulaya), niliichukua kwa ajili ya ripoti za zamu. Kuongea nilikuwa naongea. Lakini ripoti ya Kinorwei imejaa kauli ya kutendwa tangu mstari wa kwanza, na maumbo yake yakichanganywa, muuguzi anayepokea zamu hajui kama jambo limeshafanyika au bado linasubiri kufanywa. Kwa mgonjwa hilo si dogo.

Siku ya somo hilo mwalimu aliweka boksi la dawa mezani tukasoma ubavuni: "Oppbevares utilgjengelig for barn", yaani ihifadhiwe mbali na watoto. Kisha akaandika ubaoni sentensi tatu, zote za kidonda kimoja:

Såret stelles annenhver dag.
Såret ble stelt i dag.
Såret er stelt.

Msemaji wa Kiswahili akizitazama, zinakaa zenyewe: husafishwa kila baada ya siku moja, kilisafishwa leo, kimeshasafishwa. Umbo la -s ni la utaratibu na maelekezo, na ndilo linalopendwa baada ya må (lazima), kan (-weza) na skal (-tatakiwa): "Medisinen må gis klokka åtte", dawa lazima itolewe saa mbili. Bli, ambalo wakati uliopita huwa ble, ni la tukio: "Pasienten ble funnet på gulvet", mgonjwa alikutwa sakafuni. Være, ambalo wakati uliopo huwa er, linaeleza hali iliyopo sasa hivi. Wakati uliopita wa -s siku hizi hausikiki sana, kwa hiyo ripoti ya jana iandike kwa ble. Tulifanya mazoezi kwa kugeuza mpango wa huduma kuwa ripoti, sentensi kwa sentensi, na hapo ndipo ada yangu ilipolipa.

Jioni nyingine ilikuwa ya barua za serikali. Tangu 2022 sheria ya lugha ya Norwei inazitaka ofisi za umma ziandike kwa lugha wazi, na mwalimu alituonyesha tofauti kati ya "Søknaden vil bli behandlet" (ombi litashughulikiwa) na "Vi behandler søknaden" (tunashughulikia ombi). Ya kwanza inamficha mtendaji, ya pili unajua nani anashughulikia ombi lako. Akatusisitizia vivyo hivyo kwa ripoti ya mgonjwa aliyeanguka: aliyemkuta aandikwe, kwa av ("na" ya mtendaji) au kwa kuigeuza sentensi yote. Nakubaliana naye kabisa. Familia ikija kuuliza, "alikutwa sakafuni" peke yake haitoshi.

Pa kulaumu papo. Vitenzi vyenye -s ambavyo si vya kutendwa vilipitiwa mbiombio mwisho wa kipindi: finnes (kuwepo), trives (kustawi), synes (kuona, kwa maana ya maoni), møtes (kukutana). Darasa zima lilitoka limechanganyikiwa. Sisi wa Kiswahili tuna njia ya mkato, maana møtes na ses ni kauli ya kutendana tu, kukutana na kuonana. "Vi ses" ni "tutaonana" hasa. Lakini trives na synes inabidi uvishike kimoja kimoja, na kitabu chao kimevipa nusu ukurasa. Nynorsk, umbo la pili rasmi la maandishi ya Kinorwei, nayo haikuguswa, wakati anayehamia magharibi ya nchi atakutana na "må gjerast" (lazima ifanywe) kwenye karatasi za kazini wiki ya kwanza.

Kama unajiandaa kwa norskprøven, mtihani wa Kinorwei, kozi hii itakusaidia kwenye sehemu ya kuandika kuliko ya kuongea. Mazungumzo ni machache na darasa ni kubwa. Anayetafuta B1 ya mdomo kwa ajili ya uraia atafute kundi dogo zaidi. Anayeandika ripoti hospitalini, kwa wazee au shule ya chekechea, aje hapa. Vipindi huanza saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo omba kubadilishiwa zamu mapema, kabla ratiba haijapangwa.