Uzoefu wangu: kliniki iliyomwandika mbwa wangu KOKO

Kadi ya chanjo ya mbwa wangu iko mbele yangu hapa mezani. Kwenye mstari wa aina ya mbwa pameandikwa kwa wino wa buluu "German Shepherd nusu, Boerboel nusu", kisha maneno hayo yamekatwa kwa mstari mmoja mzito, na juu yake, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, pameandikwa neno KOKO. Mwandishi wa yote mawili ni mtu mmoja, daktari wa kliniki moja ya mifugo hapa Mwanza ambayo sitaitaja jina, na kwa kazi hiyo ya kutambua mbegu nilimlipa shilingi 30,000.

Mbwa mwenyewe ni dume, anaitwa Furu. Nilimpata Kayenze kwa mvuvi mmoja ambaye jike lake la kienyeji lilikuwa limezaa chini ya mtumbwi uliopinduliwa, na ambaye alinihakikishia kwamba baba ni jibwa la Kijerumani linalolinda ghala la jirani yake. Sikumnunua kwa ajili ya sifa. Ninaishi Buhongwa, uwanja wangu ni mdogo, nina watoto wadogo ndani ya nyumba, na nilitaka tu kujua kama ninalea mbwa wa kilo 15 au wa kilo 50, kwa sababu chakula, banda na mnyororo wa hao wawili havifanani hata kidogo.

Siku ya kwanza nilimwamkia daktari, nikaeleza shida yangu. Alimshika Furu kwa ngozi ya shingo, akamfunua mdomo, akamvuta masikio, akamgeuza kutazama kama miguu ya nyuma ina kidole cha ziada, akaandika. Haikufika dakika mbili. Nilipomuuliza hiyo Boerboel, aina ya jibwa kubwa la ulinzi la Afrika Kusini, ameiona wapi, alijibu bila kuinua macho: "Mama, wewe lipa ukatunze mbwa. Haya mambo yana wenyewe."

Nikanyamaza, nikalipa. Wiki chache baadaye, nilipompeleka kwa chanjo ya kurudia, Furu alikuwa na manyoya mafupi mekundu kama ya mama yake na masikio yaliyolala, nami nikauliza tena, kwa adabu, kama ule uamuzi bado unasimama. Hapo ndipo alipoinyakua kadi mkononi mwangu. "Basi kama Mjerumani humtaki, huyu ni koko, na koko hana mbegu." Alisema hayo kwa sauti ya kusikika hadi nje, mbele ya foleni ya watu na mbuzi wao, na mzee mmoja akacheka. Nimelea mifugo tangu utotoni na sijawahi kufukuzwa kama mwizi kwa kuuliza swali nililolilipia.

Yaliyobaki nilielezwa na binti msaidizi wake, aliyenifuata hadi kwenye kituo cha bodaboda. Alisema masikio ya mtoto wa mbwa wa miezi miwili si ushahidi wa lolote, kwani hata German Shepherd halisi huweza kukaa na masikio yaliyolala hadi anapobadilisha meno, karibu na miezi minne au mitano. Manyoya nayo hudanganya, kwa kuwa ufupi hushinda urefu, na mzazi mmoja mwenye manyoya mafupi aweza kuuficha kabisa urefu wa mwenzake. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti, ikiwa jike lilipandwa na madume zaidi ya mmoja. Alinisimulia pia kuhusu wanasayansi wa Marekani, Scott na Fuller, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 1965. Waliwachanganya basenji, mbwa mwenye asili ya Kongo, na cocker spaniel, wakapata wazao ambao wengine hawakufanana na aina yoyote kati ya hizo mbili. Nilibaki nimeshika kofia ya bodaboda mkononi, nikiifikiria ile nusu kwa nusu iliyopatikana kwa kuvuta masikio.

Nilipomuuliza kuhusu kipimo cha vinasaba, hakunificha. Sampuli ni mate yanayochukuliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, na mtoto anapaswa kuwa hajanyonya wala kula muda mfupi kabla, la sivyo utapima na vya mama yake. Kisha majibu hulinganishwa na mbwa ambao maabara tayari inao kwenye hazina yake, na kama humo hamna mbwa wa kienyeji wa huku kwetu, Furu atagawiwa majina ya Ulaya ambayo si yake. Utafiti wa mwaka 2009 uliowahusisha mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba wale wa Uganda, majirani zetu wa ziwa hili hili, kwa sehemu kubwa wana asili yao wenyewe. Huyo ndiye anayeitwa "hana mbegu"!

Ushauri wake ulikuwa mwepesi na wa bure: nirudi Kayenze nikamtazame mama vizuri, nimpime Furu kila wiki, na akifika miezi minne nizidishe uzito wake mara mbili, kwani kwa mbwa wa ukubwa wa kati hiyo hukaribia uzito wake wa utu uzima. Nimeanza. Ninampima kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani anayeuza dagaa, Furu akiwa ndani ya kikapu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasikanyage pale kabisa. Sasa naona nisiwe mkali kupita haki: sindano zilichomwa vizuri, dawa ya minyoo ilifanya kazi, na binti yule ningempelekea hata ng'ombe wangu. Kwa chanjo, nendeni. Lakini kila nikiitazama kadi hii moyo unanipanda upya, kwa sababu nimeomba kadi safi nikaambiwa nilipie shilingi 5,000, na hiyo silipi. Nitarudi kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na kadi hii hii, nitamsubiri binti yule hata kama ni hadi jioni, naye nitamwomba aandike pale juu, kwa kalamu yoyote aliyo nayo, "mbwa wa kienyeji, Kayenze".