Soko la Darajani, Unguja: Mahali pa Kununua na Kufundishwa

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904 kando ya Mji Mkongwe, na jina lake linatokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari uliotenganisha mji huo na Ng'ambo. Maji yale yamekwisha kufukiwa na daraja halipo tena, lakini kazi ya kuvusha watu imebaki kwa soko, kwani mpishi wa hoteli, mama wa Ng'ambo na mkulima aliyeleta mihogo yake kutoka shamba hukutana mbele ya meza moja wakipatana bei.

Namshauri mgeni afike mapema, jua halijakolea, samaki waliovuliwa usiku wanaponadiwa. Dalali hutaja bei kwa kasi na sauti hupandana hadi asiyezoea akadhani ni ugomvi, ilhali kila aliyesimama pale anajua nani kaongeza na nani kajitoa.

Mimi hununua kwa wachuuzi wa mezani. Mara ya mwisho nilinyoosha mkono kumchukua samaki aina ya changu aliyekuwa mkubwa kuliko wenziwe, na bibi mmoja aliyesimama kando yangu akanizuia: "Mwanangu, usitazame ukubwa, mfunue shavu kwanza." Muuzaji hakukasirika. Alimfunua mwenyewe, akakubali kwamba huyo amekawia nchi kavu, akanipa mwingine mdogo ambaye mashavu yake yalikuwa bado mekundu na yenye unyevu. Kisha wakaanza kubishana wao wawili iwapo samaki huyo apakwe nazi au achomwe kwa ndimu, chumvi na pilipili tu. Niliondoka na changu mmoja na mapishi mawili, na kwangu hiyo ni huduma isiyopatikana mahali ambapo samaki amekwisha kufungwa kwenye plastiki na kubandikwa bei.

Mboga huuzwa kwa mafungu, na ukinunua tungule, yaani nyanya, na bamia kwa mtu mmoja, mara nyingi hutiliwa nyongeza bila kuomba. Kwenye viungo, mgeni hutajiwa bei ya juu kuliko mwenyeji. Asione haya kuomba apunguziwe, na kabla ya kulipa avunje kipande cha mdalasini akinuse, kwa sababu uliokaa sana hauna harufu hata ukiwa na rangi nzuri. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo ni vyema mtu aje na kikapu chake cha ukili.

Kikapu changu kilikuwa kimeshajaa siku ile adhana ya adhuhuri iliposikika. Nilimwomba muuza ndimu anishikie, nikaenda kuswali, na niliporudi nilikikuta chini ya meza yake, kivulini, kimefunikwa gunia alilolilowesha maji ili samaki wangu asiharibike.